Kura za maoni kwa simu: Walionyamaza ni akina nani?

Ni nadra siku hizi mwezi kupita bila ya magazeti, redio na runinga kututangazia kwamba asilimia fulani ya Wakenya wameridhika na jambo fulani, au wamelichukia, au hawana habari nalo. Takwimu hizo hutolewa kwa uthabiti wa mwenye duka aliyepima sukari kwa mizani. Wanasiasa huzipeperusha zikiwapendeza. Zikiwachoma huzikana na kudai kwamba zimepikwa. Wizara huzinukuu katika mipango yake, nayo mashirika ya misaada huzitazama yanapoamua chakula kipelekwe Turkana au Kitui. Katika ghasia hiyo yote ya kushangilia na kulaani, swali moja muhimu aghalabu halisikiki: miongoni mwa watu waliotafutwa, ni wangapi hawakujibu, na ni akina nani?

Swali hilo limepata uzito mpya kwa sababu namna ya kuuliza imebadilika. Hapo zamani karani wa utafiti alipanda matatu hadi mwisho wa lami, akatembea kwa miguu hadi kwenye boma alilopangiwa, akabisha hodi na kukaribishwa kiti. Mwenyeji asipokuwako, alirudi kesho yake. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa simu ya rununu. Kijana aliyeketi ofisini Nairobi hupiga nambari moja baada ya nyingine. Au ujumbe mfupi hutumwa ukimtaka mpokeaji ajibu 1 au 2. Au anwani ya mtandao husambazwa ili wenye simu za kisasa waifungue na kujaza hojaji wenyewe. Gharama hupungua mno, na matokeo hupatikana kwa siku chache badala ya miezi.

Sina nia ya kuzitweza njia hizi. Mwaka 2020, ugonjwa wa COVID-19 ulipotufungia majumbani, ingekuwa hatari kumtuma karani nyumba hadi nyumba. Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilitumia simu kuwauliza wananchi jinsi walivyokuwa wakiishi, na mnamo Mei mwaka huohuo Benki ya Dunia pamoja na washirika wake ilianzisha utafiti wa simu uliozirudia kaya mara kadhaa. Bila ya simu, serikali ingepanga mambo gizani. Ninalolipinga ni lile zoea la kuyachukua majibu ya walioshika simu na kuyaita majibu ya Wakenya.

Tuanze na nani anayefikika. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Kati ya wale wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliokuwa na simu ya rununu walikuwa asilimia 47.3, na waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu. Mijini watumiaji wa intaneti walikuwa asilimia 42.5, mashambani, asilimia 13.7. Ni kweli kwamba hesabu hiyo inawahusisha hata watoto wa chekechea, na kwamba simu zimezidi kuenea tangu wakati huo. Lakini uwiano ule wa mji na mashamba, takriban watatu kwa mmoja, unatosha kutuonyesha ni sauti za nani zitakazotangulia kufika pale hojaji inapotumwa kwa mtandao.

Watu wa biashara hupenda kujibu hoja hii kwa kutaja idadi ya laini za simu nchini, ambazo ni zaidi ya milioni 60 na kwa hivyo zimeupita umma wenyewe. Hesabu hiyo hupumbaza. Mkazi wa Nairobi huwa na laini mbili au tatu, moja ya kazi, moja ya kutuma pesa, moja ya bando la bei nafuu. Ilhali kuna nyumba nzima huko Tana River inayotegemea simu moja, nayo ni ya baba. Ukiipiga saa nne asubuhi utazungumza na baba, au na mtoto aliyeachiwa kuichezea. Mama ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani na ni mtoto yupi aliyelala bila ya kula, na mama humpati. Fauka ya hayo, simu yenyewe yamkini ni ile tuliyoibatiza "mulika mwizi," ambayo kazi yake ni kupiga, kupokea na kutoa mwanga. Anwani ya mtandao itafika kwayo kama barua iliyoandikwa kwa maji.

Hata mwenye simu nzuri si lazima ajibu. Wananchi wamefunzwa na matapeli kuiogopa nambari wasiyoijua. Sauti laini inayosema "hongera, umechaguliwa" imewagharimu watu akiba ya miaka, kwa hivyo sauti laini inayosema "umechaguliwa kushiriki katika utafiti" hukatwa kabla ya kumaliza sentensi. Mfanyakazi wa shamba la maua hawezi kushika simu akiwa kazini. Mwendeshaji wa bodaboda hushika, akasema "piga baadaye," na hiyo baadaye ikawa haiji. Mwingine betri imekwisha, na kituo cha kuchajia kiko sokoni, mwendo wa saa moja. Kuna pia anayeogopa kwamba, maadamu nambari yake inajulikana, jibu lake kuhusu chifu au mbunge litamrudia. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini ni wananchi wangapi wanaoiamini kiasi cha kumfungulia moyo mtu wasiyemwona uso?

Sasa huenda msomaji akasema: kama asiyejibu hapatikani, si tuwapigie watu wengi zaidi mpaka tutosheke? Hapa ndipo penye kosa lililowatia matatani hata mabingwa. Natuchukue mfano wa kubuni. Kuna kata yenye kaya 1,000. Kati ya hizo, 600 zina chakula cha kutosha na 400 zina njaa. Wenye chakula wana simu zilizo na moto, na nusu yao wanajibu: kaya 300. Wenye njaa wamekwisha kuuza simu au wamehamia mbali kutafuta kibarua, na ni kaya moja tu katika kila kumi inayojibu: kaya 40. Mtafiti amepata majibu 340, ambapo 40 yanasema kuna njaa. Anapiga hesabu na kuandika kwamba njaa imezikumba asilimia 12 ya kaya. Ukweli ni asilimia 40. Sasa mpe kata kumi kama hiyo, kaya 10,000. Atapata majibu 3,400, na ataandika asilimia ileile 12, ila safari hii kwa kujiamini zaidi. Lile neno "kiwango cha makosa," ambalo watangazaji hulisoma harakaharaka mwishoni, hupima bahati nasibu ya kuchagua wachache badala ya wote. Halipimi hata chembe ya upotofu unaotokana na wale waliotoweka.

Marekani ndiyo iliyotangulia kuonja shubiri hii, tena kabla ya tarakilishi kuwako. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest, ambalo lilikuwa na sifa ya kubashiri washindi wa urais, lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10. Karatasi zaidi ya milioni 2 zilirudi. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon angepata asilimia 57 na kumshinda Rais Franklin Roosevelt. Siku ya uchaguzi Roosevelt alipata takriban asilimia 61 ya kura na kushinda katika majimbo 46 kati ya 48. Miaka miwili baadaye jarida hilo lilikuwa limefungwa. Wakati huohuo George Gallup, kwa sampuli ndogo sana ikilinganishwa na ile, alikuwa ametabiri ushindi wa Roosevelt.

Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba kosa la jarida hilo lilikuwa kutoa majina kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani kwa matajiri. Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1988 msomi Peverill Squire aliyachunguza upya mambo hayo, akaonyesha kwamba laiti kila aliyetumiwa karatasi angeirudisha, jarida lingembashiri mshindi sawasawa. Wafuasi wa Roosevelt walikuwamo orodhani, hawakujishughulisha kujibu. Waliomchukia Roosevelt ndio waliokuwa na hamu ya kusema. Nadhani kila aliyewahi kusikiliza vipindi vya kupiga simu redioni atalielewa jambo hili bila ya kuelezwa zaidi.

Tatizo hilo halikwisha, limezidi. Taasisi ya Pew ya huko Marekani imeweka wazi kumbukumbu zake: mwaka 1997, katika kila watu 100 iliowatafuta kwa simu, 36 walihojiwa. Kufikia mwaka 2018 waliohojiwa walikuwa 6. Uingereza nako, utafiti mkuu wa ajira, ambao Benki Kuu ya nchi hiyo huutegemea inapopanga viwango vya riba, ulilazimika kuacha kubisha milango na kushika simu wakati wa COVID-19. Walioitikia wakaendelea kupungua hadi kufikia takriban asilimia 17 mwaka 2023, na mnamo Oktoba mwaka huo Idara ya Takwimu ilisimamisha kwa muda kuchapisha matokeo yake ya kawaida. Nchi yenye fedha na wataalamu wa kila namna ilikiri hadharani kwamba haikuwa na hakika ni raia wangapi waliokuwa na kazi. Binafsi naliheshimu sana tendo hilo la kunyamaza. Ni serikali chache zinazoweza kuwa na takwimu mkononi zikakubali kwamba hazifai kutangazwa.

Lakini kisa ambacho ningetaka kila mhariri akikumbuke ni cha chanjo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Wamarekani walitaka kujua ni watu wazima wangapi waliochanjwa. Utafiti mmoja uliopitia mtandao wa Facebook ulikuwa ukikusanya majibu yapatayo 250,000 kila wiki. Mwingine, wa idara ya sensa, ulipata majibu 75,000 hivi kila baada ya wiki mbili. Wa tatu, wa kampuni ya Ipsos na chombo cha habari cha Axios, ulikuwa na watu wapatao 1,000 tu. Takwimu rasmi za chanjo zilipokuja kulinganishwa na tafiti hizo, ule wa Facebook ulikuwa umezidisha kwa asilimia 17 kufikia Mei, na ule wa idara ya sensa kwa asilimia 14. Ule mdogo ndio uliokaribia ukweli. Watafiti waliochapisha uchambuzi huo katika jarida la Nature mwishoni mwa mwaka huo, miongoni mwao Valerie Bradley na Xiao-Li Meng, walikokotoa kwamba majibu yale robo milioni yalikuwa na thamani ya sampuli ya haki isiyofika watu 20. Tofauti ilitoka wapi? Kampuni ile ndogo ilikuwa imewachagua watu wake kwa bahati nasibu kutokana na anwani za makazi, na wasiokuwa na intaneti iliwapa vifaa. Zile kubwa ziliwaalika watu wengi mno, wachache sana wakaitikia, nao hawakufanana na wale waliopuuza.

Hadi hapa nimezungumzia walionyamaza. Wako pia wanaojibu bila ya kujibu. Hojaji yenye maswali 60, iliyoandikwa kwa ajili ya karatasi au kioo kikubwa cha tarakilishi, ikiminywa ndani ya kioo cha simu, humchosha mtu kabla ya swali la kumi. Wengine huiacha katikati. Wengine hubonyeza jibu la kwanza katika kila safu, kutoka juu hadi chini, bila ya kusoma, hasa pakiwa na ahadi ya salio la shilingi 50 mwishoni. Simlaumu kijana asiye na kazi anayefanya hivyo. Wapo vijana wetu wanaozijua tovuti zinazolipa kwa kujaza hojaji kuliko wanavyozijua ofisi za kutafutia ajira, na kwao hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Aliyepanga malipo kwa idadi ya hojaji ndiye aliyechagua kasi badala ya ukweli.

Matokeo yake huchekesha, kisha huogofya. Mnamo Februari 2022 taasisi ile ya Pew iliwauliza watu wa kujisajili wenyewe mtandaoni kama walikuwa na leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Miongoni mwa waliosema kuwa wana umri wa chini ya miaka 30, asilimia 12 walisema ndiyo. Wenye ujuzi huo katika Marekani nzima ni wachache kiasi kwamba asilimia halisi ni sawa na sufuri. Watu hao walikuwa wakibonyeza "ndiyo" kwa kila kitu ili wamalize, na yamkini umri wenyewe walikuwa wameudanganya. Mwishoni mwa mwaka 2023 kura ya maoni ya aina hiyo ilitangaza kwamba mmoja kati ya vijana watano wa Marekani aliamini mauaji ya halaiki ya Wayahudi chini ya Hitler ni hekaya. Dunia ikashtuka, wahariri wakaandika tahariri kali. Pew iliporudia swali hilo kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walioafiki walikuwa asilimia 3. Kizazi kizima kilikuwa kimesingiziwa.

Na sasa hata huyo mbonyezaji mvivu anapata mshindani. Mwaka 2025 Sean Westwood, msomi wa Chuo cha Dartmouth, alionyesha kwamba programu ya akili mnemba inaweza kujaza hojaji ya mtandaoni kama binadamu, ikajipa umri, kazi na dini, na kuipita karibu mitego yote ambayo watafiti huitega ili kuwanasa wadanganyifu. Makarani wa zamani waliokaa chini ya mwembe na kujijazia fomu walikuwa angaa wakichoka mkono.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni lugha. Hojaji nyingi hutungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa haraka. Neno "kaya," ambalo wataalamu wa takwimu wamelizoea kwa maana ya watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa Mmijikenda wa Kilifi au Kwale lina uzito mwingine: ni makao ya jadi, ni msitu wa mababu, na baadhi ya misitu hiyo ilitiwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mzee akiulizwa na kioo cha simu kaya yake ina watu wangapi, ana haki ya kushangaa. Karani aliyeketi naye kwenye mkeka angeuona mshangao huo na kufafanua. Kioo hakioni kitu. Kinangoja tarakimu tu, na tarakimu yoyote kitaipokea.

Nirudi kwenye njaa, kwa sababu ndipo mambo haya yanapoacha kuwa mjadala wa wasomi. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi. Fikiria familia ya wafugaji wa Marsabit iliyokuwa ikipigiwa simu kila mwezi na kuulizwa imekula mara ngapi. Mifugo inapoanza kufa, baba huhama na waliosalia hadi kwenye malisho ambako hakuna mlingoti wa mawasiliano. Salio huisha, halafu simu yenyewe huuzwa. Mwezi unaofuata nambari hiyo "haipatikani," na familia inaondolewa katika hesabu. Wanaobaki kwenye orodha ni wale wa mjini, walio karibu na duka na mlingoti. Ripoti ya mwezi huo inaweza kuonyesha nafuu kwa sababu tu walioumia zaidi wametoweka. Katika kazi nyingine kukosa mtu kumi au ishirini ni hasara ndogo. Hapa kule kutoweka ndiko dalili ya ugonjwa.

Wataalamu watanijibu kwamba wana dawa, nayo ni kusawazisha uzani: wanawake wakiwa wachache katika majibu, kila mmoja huhesabiwa kwa uzito zaidi; Wajir ikipungua, majibu ya Wajir huongezewa nguvu. Dawa hiyo inasaidia, lakini kwa sharti moja zito. Lazima waliojibu kutoka Wajir wafanane na wasiojibu kutoka Wajir. Mwalimu wa Wajir mjini mwenye simu ya kisasa ni mtu wa heshima, ila ukimhesabu mara tano hawi wachungaji watano.

Ipo njia bora zaidi, na ilijaribiwa jirani. Mwaka 2012 shirika la Twaweza lilianzisha huko Tanzania Bara mpango uitwao Sauti za Wananchi. Halikuanza na orodha ya wenye simu. Lilichagua kwanza kaya 2,000 kwa bahati nasibu, makarani wakazifuata kaya hizo popote zilipokuwa, wakazungumza nao ana kwa ana, kisha wakawaachia simu na chaja inayotumia nguvu za jua. Baada ya hapo ndipo simu zilipoanza kupigwa mara kwa mara. Baadaye mpango huo uliletwa Kenya pia. Uzuri wake ni kwamba mtafiti anamjua kila aliyenyamaza: anajua anakoishi, ana paa la aina gani, ana mifugo mingapi. Akipotea, anaweza kukisia alivyo, au kumtuma mtu amtafute. Uholanzi nako, tangu mwaka 2007, watafiti wa Tilburg wamekuwa na jopo la kudumu la mtandaoni ambalo wasio na tarakilishi hupewa.

Wala vifaa vya kielektroniki si adui. Katika utafiti wetu wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, makarani walitumia vishikwambi. Nyumba zilizochaguliwa zikakutwa na watu zilikuwa 38,731, na zilizohojiwa zilikuwa 37,911, yaani asilimia 98. Kifaa ni kilekile cha kisasa, lakini kilishikwa na binadamu aliyefika mlangoni.

Utafiti wa namna hiyo ni ghali, na kwa miaka mingi mlipaji wake mkuu alikuwa Marekani kupitia shirika lake la misaada. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisitisha ufadhili wa mpango huo wa kimataifa wa tafiti za afya. Tangu hapo kishawishi cha kukimbilia njia rahisi kimeongezeka, na nahofia kwamba maafisa wetu watavutiwa na wauzaji wa majibu 100,000 kwa wiki moja. Serikali zetu, ya kitaifa na zile za kaunti, hutumia fedha nyingi kwa makongamano ya kujadili takwimu. Sehemu ya fedha hizo ingetosha kumrudisha karani barabarani, angalau katika maeneo ambayo simu hazifiki.

Kuna pia siasa, na mwaka 2027 hauko mbali. Katika kura za maoni za mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, kampuni za Ipsos, TIFA na Infotrak zote zilimweka marehemu Raila Odinga mbele. William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Wakosoaji walipiga kelele kuhusu njama na hongo. Wachache walitazama lile fungu, lililokuwamo katika kila mojawapo ya kura hizo, la watu ambao hawakutaja mgombea yeyote, na ambalo lilikuwa kubwa kuliko pengo lililowatenganisha wagombea siku ya uamuzi. Na nyuma ya fungu hilo palikuwa na wengine ambao hata hawakufika kwenye swali.

Tunayo Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi ya mwaka 2012, inayomtaka mwenye kutangaza matokeo aeleze ni nani aliyelipia, ni nani aliyeifanya kazi, na lini. Lakini kama jina lake linavyosema, ni ya uchaguzi. Anayetangaza kwamba Wakenya wameridhika na bima ya afya, au kwamba njaa imepungua, habanwi nayo. Wabunge wangeweza kuipanua kwa marekebisho mafupi, ingawa nakiri kwamba simwoni mbunge atakayelipa jambo hili kipaumbele mbele ya marupurupu.

Kwa sasa kazi hiyo itabaki kwetu sisi tunaoandika. Kila ripoti inapotufikia, tuiombe kampuni hesabu kamili, kisha tuichapishe katika sentensi moja, kwa mfano hivi: "Nambari 9,000 zilipigwa, 3,100 hazikupatikana, 2,400 hazikushikwa, wenye 2,000 walikataa, na 1,500 wakajibu." Hiyo ni mistari miwili au mitatu ya gazeti. Kampuni ikisema haina hesabu hiyo, basi hilo nalo lichapwe. Na ikiwa nyingi za zile 3,100 zisizopatikana ni za Mandera na Samburu, mhariri atakuwa amepata habari nyingine ya kufuatilia, pengine kubwa kuliko ile aliyoletewa.